Makadirio

Saa kumi alfajiri, Al-Khoudh, mwezi wa Disemba.
Kiyoyozi kimepumzika, mbwa wa wadi wanabweka kwa zamu,
na kule waliko waamuzi ndiyo kwanza saa moja jioni,
wanakula chakula chao.
Azza kajitanda kanga ya bibi yake,
kompyuta mapajani, kidole hakibonyezi.
"Baba, geuka."
Nikageuka, nikatazama friji.
Nikasikia kidole, mara moja, kisha kimya
kirefu kuliko barua yenyewe.

Hawakumkubali. Hawakumkataa.
Wamemweka. Mpaka Machi, wanasema,
watamwangalia tena pamoja na wengine wote.

Baada ya sala mama yangu akaja na birika, akataka kuelezwa.
Nikatafuta maneno ya nyumbani:
Mama, ni mfano wa posa, ila mtoto ndiye aliyepeleka barua.
Kapeleka nyumba moja tu, mapema, kabla ya watu,
kwa ahadi kwamba wakisema ndiyo
hatabisha hodi mlango mwingine.
"Wamekataa?" Hawajakataa.
"Wamekubali?" Hawajakubali.
Akamimina chai. "Basi wana mtu wao."

Mimi mtu wa mita. Miaka ishirini na mbili
nimepita nyumba za Mawaleh na Al-Hail nikisoma umeme wa watu,
kabla hazijaletwa hizi zinazojisoma zenyewe.
Sikuzoea tarakimu zisizo na sababu.
Nikachukua bili ya zamani, nikaigeuza, nikachora mistari:
Hajar, alama chini ya Azza, amechukuliwa;
baba yake kasoma huko huko.
Mtoto wa Bwana Kurian wa Ruwi, hesabu hakosi hata nukta,
piano, medali: amekataliwa wazi.
Kijana mmoja wa Sohar, hakuna aliyemjua,
insha yake, wanasema, ilihusu kufuga nyuki. Amechukuliwa.
Nikajumlisha, nikagawa,
nikatafuta mstari wa kupita katikati yao wote,
hata uliopinda.
Haukupatikana.

Nikamlaumu mwalimu aliyeandika barua ya sifa.
Nikailaumu pasipoti. Nikajilaumu mimi,
kwa ile fomu ya fedha, kisanduku nilichokijaza kwa ukweli:
ndiyo, tutahitaji msaada.
Kalamu ilisimama hapo muda mrefu.

Saa moja asubuhi Azza akatoka na sare yake,
macho yamevimba, viatu vimefungwa barabara;
ana mtihani wa fizikia.
Akaiona bili mezani. Akaisoma kama nisomavyo mita,
haraka, bila kugusa.
"Mimi mbona hukuniandika kitu?"
"Sikujua niandike nini."
Akachukua kalamu.

Nilipata kwenda naye kazini siku moja, ana miaka saba,
kofia yangu imemfika masikioni.
Tukakuta geti la mtu limefungwa, mita iko ndani.
Nikamfundisha: hapa huandiki sifuri, wala huongopi.
Unaandika herufi moja, M. Makadirio.
Hukuiona mita, lakini umeme huko ndani unatembea.

Hiyo M ndiyo aliyoiandika mbele ya jina lake.
Akakunja chapati, akalikimbilia basi la shule.

Sisemi imenifariji. Makadirio nayo hulipwa,
na wenyewe hunipigia kelele kila mwisho wa mwezi.
Bado usiku naifungua ile barua, naisoma upya,
labda kuna neno limehama.
Machi geti litafunguliwa. Au halitafunguliwa.
Kwa sasa taa ya chumba chake inawaka,
na mimi, kwa mazoea tu, nimetoka na tochi
kuiangalia mita yetu ukutani.
Kitaa chake chekundu kinapepesa.
Kinapepesa.